Nyuzi za Kioo Chini ya Mji wa Stockholm

Somo letu la leo ni habari za Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, nchi iliyo kaskazini ya Ulaya, na jinsi ulivyounganisha kompyuta zake.

Kwa miaka mingi simu za nchi hiyo zilikuwa karibu zote mikononi mwa shirika moja la serikali. Mwaka 1993 ilitungwa sheria mpya ya simu, na makampuni mengine yakapata nafasi. Hapo shida ilikuwa karibu: leo barabara inafukuliwa na huyu, mwezi ujao inafukuliwa na yule, tena mitaa ya wenye fedha ingehudumiwa kwanza, na mingine ingengoja.

Basi mwaka 1994 mji uliunda kampuni yake wenyewe, jina lake Stokab, ilaze mikongo chini ya ardhi. Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele. Habari hupita humo kwa mwanga. Kwenye ncha moja chombo hugeuza maneno na picha kuwa mwanga unaowaka na kuzimika upesi mno; kwenye ncha ya pili chombo kingine huyarudisha yalivyokuwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Stokab haiuzi intaneti. Hukodisha nyuzi tupu, na mpangaji huleta vyombo vyake na kuwasha mwanga wake mwenyewe. Ni kama mtu aliyejenga soko akakodisha meza, lakini yeye hauzi nyanya. Kwa nini asiuze? Kwa sababu angeshindana na wapangaji wake, na nani angeiamini kodi yake? Makampuni zaidi ya 100 yamekodi, kwa masharti yaleyale. Mimi naona hiyo ndiyo busara yao kubwa, kupita hata kioo chenyewe.

Gharama kubwa ni ya kuchimba, si ya nyuzi. Kwa hiyo mtaro ukishafunguliwa, ni vema kulaza nyuzi nyingi kuliko zinazotakiwa siku ile. Tena njia kuu za mji hupangwa kwa mzunguko, kama pete: sururu ikikata upande mmoja, habari hupita upande wa pili, na hospitali haikosi mawasiliano.

Desemba 2009, Stockholm na Oslo ilikuwa miji ya kwanza duniani kuuziwa huduma ya simu za 4G. Msidhani simu hizo hazina haja ya mtaro. Mawimbi hufika mnarani tu. Kutoka hapo habari nyingi husafiri chini ya ardhi.

Kabla ya somo lijalo, mwulizeni diwani wenu: mkongo uliopita karibu nanyi ni mali ya nani, na nani anaruhusiwa kuukodi? Andikeni jibu katika daftari. Kwa herini.