Msaada wa Sheria kwa Wakimbizi nchini Kenya

Kituo cha Sheria kilipoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1973, mawakili wake walikusudia kuwatetea maskini wasioweza kumudu ada ya wakili, na miaka mingi ilipita kabla ya kazi hiyo kuwafikia kikamilifu wakimbizi, ambao Kenya haikuwatungia sheria yao mahususi hadi mwaka 2006. Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadili hali kwa kina, kwa kuwa Ibara ya 22 ilimruhusu mtu au shirika kufungua shauri kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, na bila mlango huo haki za mkimbizi zingebaki maandishi matupu.

Mwezi Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Kituo hicho, pamoja na wakimbizi wenyewe, kilikwenda Mahakama Kuu, ambayo tarehe 26 Julai 2013 ilibatilisha agizo hilo, ikieleza kwamba lilikiuka utu na uhuru wa kutembea, na kwamba lilitishia kanuni ya kutomrudisha mkimbizi, yaani katazo la kumpeleka mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Uamuzi huo unastahili heshima kubwa, kwani ulimtambua mgeni asiye na uraia wa nchi kuwa mwenye haki mbele ya Katiba. Tarehe 9 Februari 2017 mahakama hiyohiyo ilizuia kufungwa kwa kambi ya Dadaab.