Fihirisi za Kasongo

Zama zile Kasongo na Kabambare zilipokuwa miji ya waungwana wa pwani, kabla askari wa Dola Huru ya Kongo hawajaitwaa ya kwanza mwaka 1893 na ya pili mwaka 1894, ada ya wanakili wa Kiislamu ilikuwa kuandika kichwa cha mlango kwa wino mwekundu, na kutia chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa ufuatao, ili karatasi zikitawanyika zirejeshwe kwa taratibu yake.

Bwana wa Kasongo mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliandika tarehe ya maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Heinrich Brode akaichapa Berlin kwa herufi za Kilatini, 1902 na 1903, kisha W. H. Whiteley, katika toleo la 1958 na 1959, akazipa aya nambari. Kwa rai yangu nambari hizo ndizo hidaya kubwa kwa msomaji, maana kurasa hubadilika kila kitabu kinapopigwa chapa upya.

Siku hizi, kwa kazi hiyo hiyo ya kumwongoza msomaji, kompyuta nayo hutunga fihirisi kwa lahadha moja, ilimradi mpiga chapa amekitambulisha kila kichwa kuwa kichwa. Akikoleza wino tu, haitungi kitu.