Betri ya gari iliyopanda Uluguru

Wadau, nani kati yetu hajawahi kuanika betri za redio juani? Kama wewe umekulia kwenye umeme, muulize mama yako. Redio ikianza kukoroma, unazitoa betri, unazipanga juu ya bati au kwenye jiwe, jioni unazirudisha na taarifa ya habari inasikika tena kwa dakika kadhaa. Jua haliingizi umeme kwenye betri kavu hata kidogo, joto linaamsha tu kemikali zilizobaki ndani. Lakini wazo lilikuwepo tayari vichwani mwa watu: betri, jua na paa.

Nimelikumbuka hilo mwezi uliopita pale Msamvu, Morogoro. Kuna jamaa yangu kanunua Hiace iliyochoka, kang'oa viti vyote, kaweka kitanda, jiko la gesi na kabati, anataka kuzunguka nayo vijiji vya Uluguru akirekodi simulizi za wazee. Fundi alikuwa anafunga paneli mbili za sola juu ya keria. Vijana wakajaa, si unajua tena mambo ya stendi, na kila mmoja akawa na lake la kusema. Lililorudiwa zaidi ni hili: "Mambo ya Wazungu hayo!" Walikuwa wanayasema yale magari ya watalii yanayopita kwenda Mikumi na Iringa, yamebeba hema na sola juu, ndani mna wastaafu wawili wanakula mkate.

Mimi nabisha, na nina sababu. Ukiifuatilia historia ya sola Afrika Mashariki utaona kwamba gari lilikuwemo tangu mwanzo. Sola iliyoingia kwenye nyumba za vijijini kwetu ilijengwa kuizunguka betri ya gari, na waliotufundisha kuitumia wengi wao ni mafundi umeme wa magari pamoja na wanakijiji waliochoka kubeba betri. Tukisema ni mambo ya Wazungu tunawafuta watu hao.

Hebu tuanze na paneli yenyewe. Ile ndogo iliyozoeleka ina seli 36. Kwa nini 36 na siyo 20 au 50? Seli moja ya silikoni hutoa takriban nusu volti, sita ya kumi ikiwa haijabebeshwa mzigo. Ukiunganisha 36 mfululizo unapata kama volti 21 paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, na kama 17 au 18 ikifanya kazi. Betri ya gari nayo ina vyumba sita vya volti mbili na ushee, na ili ijae inataka kusukumwa na volti 14 hivi. Ongeza hasara ya joto na ya nyaya, hesabu inakaa sawasawa. Maana yake ni kwamba paneli ilikatwa kwa kipimo cha betri ya volti 12, kama suruali inavyokatwa kwa kipimo cha mvaaji.

Seli ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa Marekani mwaka 1954 katika maabara za Bell. Mwaka 1958 ikapanda angani na setilaiti ya Vanguard 1. Kwa miaka mingi ilibaki mali ya anga za juu kwa sababu ya bei. Katika miaka ya 1970 wateja wake wa kwanza hapa duniani walikuwa watu wa mafuta, kwa ajili ya taa za maboya na za majukwaa ya kuchimbia baharini. Mwaka 1977 wati moja ilikuwa karibu dola 76. Piga hesabu mwenyewe: paneli ya wati 12 ingekula zaidi ya dola 900.

Mwaka huo huo wa 1977, mwezi Agosti, wataalamu wa Tanzania na Marekani walikaa Dar es Salaam kujadili nishati ya jua kwa vijiji vya Tanzania. Watu walikuwa wametoka tu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na swali la mwanga lilikuwa mezani. Sola basi haikusahauliwa na wakubwa. Ila kwa bei ile, kijijini ingefika kwa msaada tu, na ya msaada ikiharibika hukaa imeharibika.

Kilichobadilisha mambo kilitokea kwa majirani. Katikati ya miaka ya 1980, shule ya sekondari ya Harambee ya Karamugi, eneo la Meru nchini Kenya, ilikuwa inafikiria kununua jenereta. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, na mhandisi Harold Burris wakaishawishi ichukue sola. (Ndiyo, ni Wazungu, sikatai!) Kazi ikafanywa na vijana wa pale pale waliofundishwa kufunga nyaya, kisha shule nyingine za Meru zikafuata. Halafu walimu wakataka za kwao nyumbani, na baada ya walimu wakaja wakulima wa kahawa na chai. Mpaka mwaka 2000 zaidi ya nyumba 100,000 za Kenya zilikuwa na sola, nyingi zikiwa zimenunuliwa kwa pesa ya mfukoni, dukani kama unavyonunua baiskeli. Kwetu, mwaka 1993, kikaanzishwa kituo cha mafunzo ya sola cha KARADEA kule Karagwe.

Lakini kabla ya paneli kulikuwa na televisheni, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza. Televisheni ndogo nyeusi-na-nyeupe ya inchi 14 ilikuwa na sifa moja kubwa: ilikubali volti 12 moja kwa moja. Mwenye betri ya gari ana televisheni, hata kama nguzo ya TANESCO ya karibu iko kilomita 30.

Na nguzo zilikuwa mbali kwelikweli. Hili la mkoa wetu linaniuma kidogo. Kidatu iko mkoani Morogoro, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975 na baadaye ikafikia megawati 204. Nyaya nene zikapita zikielekea Dar es Salaam, na watu wa milimani wakawa wanaziona taa za mji usiku kwa mbali, kama unavyotazama harusi ya jirani ambaye hakukualika.

Basi betri zikaanza kusafiri. Yule fundi wa Hiace, mzee wa makamo, alianza maisha kama fundi umeme wa magari. Nikamwuliza, "Mzee wangu, sola ulijifunzia wapi?" Akacheka. "Sola nimejifunzia kwenye betri, mwanangu. Nilikuwa nawachajia watu wa Mgeta." Zilikuja kwenye malori ya mboga, anasema, na kutoka vijiji vya karibu zilikuja kichwani. Betri ya namna hiyo ni kilo 15 hadi 20, na ndani ina asidi. Alikuwa anawajua wateja wake kwa matundu ya mashati.

Tupige hesabu tena. Betri ya ampea 50 ina wati-saa kama 600, na siyo vizuri kutumia zaidi ya nusu. Televisheni ya wati 15 kwa saa tatu kila usiku inakula 45. Kwa hiyo siku sita au saba, halafu safari nyingine ya kushuka mlima. Sasa chukua ile paneli ya wati 12 iliyouzwa sana katika miaka ya 1990: jua la kutosha la saa nne na nusu linakupa wati-saa 54, toa hasara, zinabaki kama 45. Yaani paneli ndogo kuliko zote dukani ililingana na televisheni ndogo kuliko zote. Mwanakijiji hakuhitaji semina ya kumweleza faida yake. Mgongo ulikuwa umeshamweleza.

Tatizo lilikuwa betri yenyewe. Imetengenezwa kuwasha injini, inatoa moto mkali kwa sekunde chache kisha altaneta inaijaza. Ukiinyonya mpaka chini kila usiku, bamba zake nyembamba zinakufa, pengine kabla ya miaka miwili. Wengi waliunganisha paneli bila kontrola ili kubana gharama, betri ikafa, wakasema sola ni utapeli.

Turudi juu ya paa, maana kuna jambo ambalo wale wastaafu wa Mikumi wangetuonea wivu. Ulaya jua huwa chini, na paneli iliyolala kwenye paa la gari inapoteza sana, hasa majira ya baridi. Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali sana. Paneli ya kulala kwetu iko karibu mahali pake. Unainamisha kidogo tu ili mvua ioshe vumbi.

Joto ndilo adui. Kwa kila nyuzijoto moja juu ya 25, paneli hupoteza kama asilimia 0.4, na kwenye bodi ya chuma Januari inaweza kufika 65 bila shida. Hiyo ni asilimia 16 imekwenda. Ndiyo maana fundi alikataa kuigandisha kwenye paa, akaifunga kwenye vyuma vya keria hewa ipite chini, na tundu la waya akalitoboa moja tu, akaliziba kwa silikoni. Na kivuli: seli zikiwa mfululizo, kivuli cha kamba moja kinaweza kuangusha nguvu ya sehemu kubwa ya paneli. Kwa hiyo mkungu wa ndizi kutoka Kinole hauruhusiwi kwenye keria hiyo, jambo ambalo kwa Mluguru ni mtihani. Halafu kuna mlima wenyewe. Upande wa mashariki, kwenye mawingu ya Kinole na Tegetero, kuna sehemu zinazopata milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Wati 200 zile zile zinazotosha taa, kompyuta na friji ndogo huku mjini, kule wakati wa masika zinaweza kutoa chini ya nusu.

Leo mambo yamegeuka. Bwawa la Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kuzalisha mwaka 2024, serikali inasema umeme umefikishwa kwenye vijiji vyote vya Bara, na wati moja ya paneli kiwandani ni chini ya senti 30 za dola. Anayeweka sola nyumbani sasa ananunua paneli kubwa za wati 400 na zaidi, zenye volti 40 na ushee, na betri za lithiamu. Hizo hazikukatwa kwa kipimo cha betri ya gari, na ukiziunganisha na volti 12 bila kifaa cha kushusha utajuta. Ile paneli ndogo ya seli 36 inapungua kwenye mapaa ya nyumba. Wateja wake wakubwa wa siku hizi ni wenye boti na wenye magari.