Nani amewabeba wasanii wa Buha

Mwaka 2012 wanamuziki waliokuwa wakitamba kwenye Bongo Fleva walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo wa "Leka Dutigite". Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikuwa miongoni mwa waliousukuma mpango huo. Majina yalikuwa mazito: Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Baba Levo na wengineo. Kiha kikasikika kwenye redio za nchi nzima, na watu wa Kigoma, waliozoea kutaniwa kwamba wanatoka mwisho wa reli, wakatembea vifua mbele.

Wengi wa wasanii hao, hata hivyo, kazi yao ilikuwa Dar es Salaam. Aliyebaki Kasulu au Kibondo, awe mpiga ngoma, msukaji wa vikapu au mwimbaji wa kwaya, hakuwa na studio ya kumpokea wala ukumbi wa kumlipa. Tena hilo si jambo la juzi. Katika nyanda za juu za Kigoma sanaa imewahi kupata walezi, na baadhi yao walikuwa wakubwa kweli. Tatizo ni kwamba kila mlezi alikuja kwa shughuli zake, na shughuli zilipokwisha alifunga virago.

Mlezi wa kwanza alikuwa mwami, yaani mtemi. Kabla ya uhuru Waha, wenyeji wa nyanda hizi zinazoitwa Buha, waliishi chini ya watemi kadhaa: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi, na wengineo. Kama ilivyokuwa kwa majirani wa Burundi na Rwanda, ngoma zilikuwa sehemu ya utawala wenyewe, wala hazikuchukuliwa kuwa burudani tu. Mwami alihitaji wapiga ngoma, wachongaji wa vyombo vya maziwa na wasukaji wa vikapu vyenye vifuniko. Hakuwa mfadhili kwa maana ya leo ya kuandikiwa andiko la mradi, lakini fundi wa kwake alikula kwa ufundi wake.

Heru ilikuwa na jambo la pekee: kuanzia miaka ya 1940 kiti chake kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyejulikana hata nje ya Kigoma na kuingia katika siasa za kitaifa enzi za kudai uhuru. Lakini mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utemi kisheria, na ikulu za watemi zikapoteza kazi ya kuita ngoma. Ngoma hazikunyamaza, zilihamia kwenye harusi, mavuno na mapokezi ya viongozi wa serikali na chama. Kilichopotea ni mtu mmoja mwenye wajibu wa kumlisha mpigaji.

Tena tangu kabla ya hapo wanaume wengi hawakuwepo nyumbani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo iliyofuata Buha ikawa chimbuko la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, Silabu, na Waha walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi. Kibarua huyo, aliyeitwa manamba, alikwenda na mikono yake, na kama ilijua kuchonga, huko ilifundishwa kukata mkonge. Ufundi uliobaki milimani ukawa zaidi wa wanawake: kusuka, kufinyanga, kuimba.

Mwaka 1972 ukaleta mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaweka kwenye sentensi moja wakati huo. Milimani ilianza Operesheni Kigoma, iliyozihamisha familia kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuziweka katika vijiji vya ujamaa. Dar es Salaam, mtawa wa Maryknoll kutoka Marekani, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa.

Inafaa kuitazama nyumba hiyo kwa karibu, maana ndiyo Watanzania wengi huikumbuka wanapotaja kituo cha sanaa kisichofanya biashara kwa faida. Ilianza kidogo, na vijana wachache wenye vipaji na wasio na ajira. Kijana alipewa karatasi, wino, mbao au kitambaa, vitu ambavyo peke yake asingemudu, akapata meza ya kufanyia kazi na duka la kuuzia pembeni. Walichora, walitia vitambaa rangi kwa nta, walichonga, walichapa picha kutoka kwenye mabamba ya chuma. Mgeni aliyetoka hotelini aliweza kumwona fundi akifanya kazi na kununua kwake palepale.

Aliyeipa nyumba hiyo sifa kubwa kuliko wote ni George Lilanga, Mmakonde aliyekuja mjini akijua kuchonga. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa tayari msanii pale. Alimtafutia kazi, na kazi iliyopatikana ilikuwa ya ulinzi. Mlinzi huyo akaonyesha vinyago vyake. Haikupita miaka mingi kabla ya mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo kuonyeshwa Marekani, na hadi anafariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zikitafutwa Ulaya, Marekani na Japani. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya bahati. Mwandishi wa makala haya anakiona kama hoja ya jengo: bila mlango ambao fundi wa kijijini angeweza kuulinda, usiku mmoja na mwingine, Lilanga asingekuwa karibu na wino.

Nyumba ya Sanaa baadaye ilipata jengo kubwa katikati ya jiji, na likaja kuitwa Kituo cha Utamaduni cha Mwalimu Nyerere. Jengo hilo halipo tena. Lilibomolewa, na wasanii waliokuwa wakiuza pale wakatafuta barabara nyingine. Ardhi ya jirani na hoteli kubwa ina wateja wengi, na msanii si mmoja wao.

Walioshika kijiti baadaye nao walikuwa Dar es Salaam. Nafasi Art Space ilianza mwaka 2008 eneo la viwanda vidogo Mikocheni, ambako makontena ya mizigo yamegeuzwa kuwa studio za wachoraji. Upande wa muziki ilikuwepo THT, nyumba ya vipaji iliyoanzishwa mwaka 2005 na Ruge Mutahaba, iliyowafundisha vijana kuimba na kucheza. Ndimo alimopita Mwasiti, binti wa Kigoma aliyesikika miaka michache baadaye katika "Leka Dutigite". Kwa hiyo kituo cha sanaa kiliwahi kumbeba mtoto wa Kigoma, ila kilimbebea kwenye ufukwe wa Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao.

Milimani, msaada wa sanaa ulifika kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba. Ulikuja na wakimbizi.

Baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, na mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka uliofuata, kambi zilichipuka kutoka Ngara hadi Kasulu. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara. Redio ya namna hiyo inahitaji sauti kila siku: maigizo ya kueleza kipindupindu, nyimbo za kujaza nafasi kati ya taarifa moja na nyingine, kwaya za Jumapili. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Waliingia na kwaya zao, magitaa yao na mafundi cherehani wao wa vitenge.

Aprili 2015 Burundi ilichafuka tena. Nyarugusu, iliyopangwa kwa watu wapatao 50,000, ilijikuta na zaidi ya 150,000. Oktoba mwaka huo Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli, wilayani Kakonko. Kwa Warundi hao ngoma si jambo dogo. Uchezaji wa ngoma ya kifalme ya Burundi uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na mwishoni mwa 2017 serikali ya Bujumbura ilitoa amri ya kuwazuia wanawake kupiga ngoma hizo na kutaka maonyesho yaombewe kibali. Amri hiyo haikuwa na nguvu upande huu wa mpaka. Mtemi wa zamani wa Muhambwe angezitambua ngoma hizo bila kuelezwa.

Mashirika ya misaada yalizipenda sanaa hizi kwa sababu zake. Kikundi cha maigizo hufikisha ujumbe wa chanjo haraka kuliko bango, na ngoma humpokea mgeni mwenye kamera vizuri sana. Mara nyingi msanii alilipwa posho ya siku na fulana yenye nembo. Posho si ujira wa kazi ya sanaa, na kikundi kinachoishi kwa kuitwa kwenye Siku ya Wakimbizi Duniani hukaa mwaka mzima kikisubiri Juni 20.

Vikapu vilikuwa na njia tofauti. Mwaka 2007 huko Ngara ilianzishwa WomenCraft, biashara ya kijamii inayofanya kazi na wanawake wasukaji katika eneo ambako Tanzania, Rwanda na Burundi hukutana. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilipozindua mpango wake wa MADE51 mwaka 2018, lilihitaji katika kila nchi mshirika anayejua kupokea oda, kusimamia ubora na kusafirisha. Kwa Tanzania mshirika akawa WomenCraft, na kwa njia hiyo Warundi waliomo kambini mkoani Kigoma wakaingia kwenye mnyororo wa wanunuzi wa Ulaya na Marekani.

Ufundi wenyewe ni wa subira. Msukaji hukusanya nyasi nyembamba zilizokauka, huzifunga kuwa kitita chenye unene wa kidole, kisha huanza kwenye kitovu. Hutoboa mzunguko uliotangulia kwa sindano nene, hupitisha uzi, huvuta, huzungusha, hutoboa tena. Uzi unaweza kuwa wa katani au wa mmea mwingine; kambini viroba vya chakula cha msaada pia hutatuliwa nyuzi zake na kutiwa kazini. Mkono ukilegea mahali pamoja, kikapu huyumba kikiwekwa mezani.

Hapo ndipo mteja wa sokoni na mteja wa oda wanapoachana. Mama anayenunua kitunga cha kupimia maharage Kasulu hutazama kama kitashika debe lake. Duka la ng'ambo linataka vikapu mia vya kipenyo kimoja, rangi ileile, kitako kisichotikisika, tarehe isiyosogea. Mtu mmoja hawezi kubeba oda hiyo. Lazima awepo wa kugawa nyasi na nyuzi, wa kupima kila kimoja, wa kurudisha kilichopinda, wa kulipa kwa kipande. Kazi hizo zisizopigwa picha ndizo hasa zinazofanywa na kituo cha sanaa, kiwe na ukumbi au kisiwe nao.

Kuna kinaya hapa. Sheria za Tanzania humtaka mkimbizi asiende zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Kikapu hupanda gari hadi bandarini na kuvuka bahari. Aliyekisuka hafiki Kibondo mjini kununua uzi. Masoko ya pamoja, ambako wenyeji na wakimbizi waliuziana, nayo yalifungwa, kwa hiyo oda ya mbali ikawa mlango mkubwa kuliko soko la jirani.

Na kambi, kama ikulu za watemi, hazidumu. Mtabila ya Kasulu ilifungwa Desemba 2012. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021, na waliobaki wakapelekwa Nduta, ambayo nayo ikaendelea kupungua watu kadiri Warundi walivyorejeshwa kwao. Kila kambi inapofungwa, huvunjika vikundi vilivyochukua miaka kujengeka: kiongozi anarudi upande mmoja wa mpaka, mwenye kupima ubora upande mwingine, na mwenyeji aliyejifunza kutoka kwao anabaki na ujuzi bila daftari la oda.

Kwa wenyeji hao, mlango uliopo karibu leo ni halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya udhaifu katika urejeshaji, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ujenzi wa barabara ya lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kiasi cha kilomita 260, nao unapunguza adha ya kusafirisha kitu kinachobonyea.

Kwenye dirisha la afisa maendeleo ya jamii, kikundi cha wasukaji husimama foleni moja na wafugaji wa kuku, waendesha bodaboda na wenye mashine za kusaga. Wasukaji wanaweza kuweka kikapu mezani na kutaja bei. Kikundi cha ngoma kikifika zamu yake, itakibidi kieleze kwa maneno jinsi rejesho la kila mwezi litakavyopatikana katika wilaya isiyo na ukumbi wa kutoza kiingilio.