Lugha na Mamlaka katika Kiwanda cha Urafiki

Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China huko Ubungo, pembezoni mwa Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968. Wafanyakazi wake walitoka makabila mengi, nao waliunganishwa na Kiswahili. Mafundi wa Kichina waliwafundisha kwa msaada wa wakalimani na kwa kuwaonyesha kazi penye mashine. Ulipoundwa ubia mwaka 1997, upande wa China ulipata hisa 51 katika kila 100, na Serikali ya Tanzania 49. Hivyo aliyekuwa mwalimu akawa mwajiri. Migogoro ya mishahara iliyofuata haikutokana na upungufu wa tafsiri: neno “mshahara” pande zote zililifahamu, ila hazikuafikiana juu ya kiasi chake.