Kujianzisha: Kompyuta Inachelewa Wapi?

Anayepeleka kompyuta kwa fundi mjini Arua, awe ameibeba kwenye bodaboda kutoka Oli au ameifunga kwenye begi na kupanda teksi kutoka Koboko, huwa na maelezo mafupi: "Inachelewa kuwaka." Ni Kiswahili safi kabisa, ila hakimwambii fundi aanzie wapi. Kati ya kubonyeza kitufe na kufungua barua ya kuandika kuna kazi nyingi zinazofuatana, kila moja na sababu zake za kuchelewa, na neno kuwaka limezifunika zote.

Kwa Kiingereza mfuatano huo una jina fupi, boot, linalotokana na kiatu. Buti lina kitanzi ambacho mvaaji hukivuta ili mguu uingie, na wasemaji wa lugha ile walikuwa na msemo juu ya mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe. Wahandisi wa kompyuta wa miaka ya 1950 waliuchukua kwa sababu ulilingana na tatizo lao: kompyuta haifanyi lolote bila programu, na kuingiza programu kwenye kumbukumbu ni kazi inayotaka programu. Nani aanze? Wakaamua kutanguliza programu ndogo mno, maagizo machache tu, ikalete iliyo kubwa kidogo, na hiyo ikalete kubwa zaidi. Kwenye Altair 8800, iliyouzwa Marekani kuanzia 1975, mara nyingi mwenye mashine aliyaingiza maagizo hayo ya mwanzo kwa vidole vyake, akipandisha na kushusha swichi za mbele moja moja kila alipoiwasha.

Siku hizi maagizo ya kwanza yamehifadhiwa kwenye chipu iliyo juu ya bodi kuu. Umeme ukiingia, prosesa huyasoma, hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha huanza kutafuta mfumo endeshi. Kwenye mashine za zamani, ambazo mkoani kwetu West Nile bado tunazo nyingi, husoma kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 tu, na ndani yake mna programu ndogo inayojua pa kumpata mkubwa wake. Ndipo mfumo unapopakiwa, kisha madereva ya vifaa, kisha ukurasa wa nenosiri, na mwishowe programu ambazo mwenye kompyuta aliziruhusu, au hakujua kwamba aliziruhusu, zianze pamoja na mfumo.

Kwa Kiswahili tunaiitaje kazi hiyo yote? Mafundi wengi husema kubuti. Ni neno lenye nguvu kwa sababu linatumika, lakini nchini Uganda buti ni sehemu ya nyuma ya gari panapowekwa mizigo, na kwa askari ni kiatu. Halimwelezi chochote mtu asiyeijua kazi. Mteja aliyevuka mpaka kutoka Ariwara au Aru nchini Kongo, aliyesomea kwa Kifaransa, huenda akasema mashine inakawia kudemare. Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha umma kilichoanzishwa Arua mwaka 2013, hufundisha teknolojia ya habari kwa Kiingereza. Basi kijana anayehitimu pale ana istilahi ambazo mama wa sokoni hana, na mama anaongea naye Kilugbara, au Kikakwa akiwa wa Koboko, au Kiswahili. Katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni. Maneno ya kazi hayawezi kusubiri vitabu vya shule vifike. Dar es Salaam walilitambua hilo mapema: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, ikapewa jina la Jambo, na waliofanya kazi ile walilazimika kuamua neno la kila kitufe.

Pendekezo langu ni kujianzisha. Kitenzi hiki kinabeba jambo lenyewe bila kuazima kiatu cha mtu: kile kiambishi -ji- kinasema mashine ndiyo inayotenda na ndiyo inayotendwa, na hilo hasa ndilo fumbo lililowasumbua wahandisi wale. Kuwasha libaki kwa mkono wa mtu unaobonyeza kitufe. Kuwaka libaki kwa taa na feni. Tukikubaliana hivyo, kompyuta inaweza kuwaka mara moja na bado ikachelewa kujianzisha, na kauli hiyo tayari ni nusu ya uchunguzi.

Fundi mzuri huuliza hivi:

"Mama, ukibonyeza kitufe, jina la kampuni linatokea haraka?"

"Linatokea haraka, mwanangu. Inakaa pale kwenye vitone vinavyozunguka."

Hapo ameshajua kwamba huenda chipu na kumbukumbu hazina kosa, na kwamba diski ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kama ingekaa kabla hata ya jina kutokea, angechomoa flashi na kila kilichochomekwa, kwa kuwa baadhi ya kompyuta hujaribu kwanza kujianzisha kutoka huko. Angetazama pia saa. Ikiwa tarehe inarudi nyuma miaka kila umeme unapokatika, betri ndogo ya duara ya volti 3 iliyo kwenye bodi kuu imekwisha, na mashine imesahau mpangilio wake. Wenye Linux wana wepesi zaidi: amri ya systemd-analyze huonyesha muda wa kujianzisha ukiwa umegawanywa, mfumo endeshi kivyake na huduma zinazoufuata kivyake, na kwenye kompyuta mpya hata muda wa chipu ya mwanzo huonekana.

Diski inastahili maelezo marefu zaidi, maana huku kwetu ina historia ya umeme. Kwa miaka mingi West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa. Tangu 2003 ilihudumiwa na kampuni yake, WENRECo, kwa jenereta, na mwaka 2012 kikaongezeka kituo kidogo cha maji cha Nyagak, wilayani Zombo, chenye uwezo wa megawati 3.5. Waliokuwa na kompyuta za mezani miaka ile wanajua kilichofuata: umeme ulikatika katikati ya kazi. Laptopu iliyokufa betri haina tofauti na hiyo ya mezani. Umeme ukiondoka diski ikiwa inaandikwa, alama kwamba haikufungwa sawasawa hubaki juu yake, na safari ijayo mfumo huikagua kabla ya kuendelea. Ukaguzi wa diski kubwa unaweza kuchukua muda mrefu sana. Asiyejua huona imekwama, akaizima kwa kukishikilia kitufe, na hapo ameongeza jeraha juu ya jeraha. Iacheni imalize.

Zaidi ya hayo, diski za zamani ni sahani zinazozunguka, nyingi kwa kasi ya mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hulazimika kusogea hadi palipo na data. Kila msogeo huchukua milisekunde kadhaa. Ni kidogo, lakini kujianzisha kunahitaji kusoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika. Diski isiyo na sahani haina kichwa cha kusogeza, na kwa kompyuta nzee hakuna badiliko jingine linaloonekana upesi kama kuweka diski ya aina hiyo. Ikiwa duka la jirani halina, mara nyingi huagizwa Kampala na kuletwa na basi linalotoka kituo cha huko huko cha Arua Park.

Mashine inayochelewa baada ya nenosiri ni habari nyingine, na nyepesi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utafute orodha ya programu zinazoanza pamoja na mfumo, na uzime usizozihitaji. Usiguse kinga ya virusi.

Kuna tafsiri moja iliyokwisha kuenea ambayo inapotosha. Menyu za simu nyingi husema "zima kisha uwashe" pale zinapomaanisha kujianzisha upya. Kwa simu haina ubaya. Kwa kompyuta ya Windows ina ubaya, kwa sababu tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kompyuta nyingi zikizimwa hazisahau kila kitu: hufunga programu za mtumiaji, lakini kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kikiwa kama kilivyo, ili kirudishwe haraka kesho. Dereva ya kifaa iliyoharibika jana hurudi nacho. Anayechagua kuanzisha upya kwenye menyu ndiye anayepata mfumo uliopakiwa wote kutoka mwanzo. Fundi akimwambia mteja kwa simu, "Zima kisha uwashe," mteja atafanya alichoambiwa kwa uaminifu, siku baada ya siku, na kosa litabaki palepale. Amwambie: "Chagua kuanzisha upya."

Ninalisisitiza neno kuchelewa kwa sababu moja zaidi. Diski ya sahani inapokaribia kufa, mara nyingi dalili ya kwanza ni hii hii: inarudia kusoma sehemu mbovu tena na tena kabla ya kukata tamaa, na kujianzisha kunarefuka wiki kwa wiki. Ukisikia mlio wa kugonga ndani yake, usiendeshe programu za kusafisha wala usiweke mfumo mpya juu yake. Nakili kwanza picha, vyeti na hesabu za duka kwenye diski nyingine, mashine ikiwa bado inakubali kufunguka, kisha ndipo umwite fundi.