Ukuta Usiouliza Jina

Mwaka 2024 Maktaba ya O'Neill ya Boston College, jimboni Massachusetts, Marekani, ilitimiza miaka 40. Chuo chenyewe ni kikongwe zaidi. Mapadri Wajesuti walikianzisha mwaka 1863, wakati watoto wa wahamiaji Wakatoliki kutoka Ireland hawakuwa na nafasi kubwa katika vyuo vya wenye mji. Maktaba ikapewa jina la Thomas O'Neill, aliyejulikana na wengi kama Tip, mhitimu wa mwaka 1936 aliyekuja kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1977 hadi 1987. Kabla ya 1984 wanafunzi walitegemea Maktaba ya Bapst, jengo la mawe la miaka ya 1920 linalofanana na kanisa kuu kuliko maktaba.

Haya yote mtu wa Mitwero, Lindi, kusini mwa Tanzania, anaweza kuyasikia akaendelea na shughuli zake. Majengo ya watu hayamhusu. Kinachomhusu ni ubao mweupe uliowekwa ukumbini mwa maktaba hiyo katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, ubao uliopata jina la Ukuta wa Majibu na kuipa maktaba sifa ambayo rafu zake peke yake zisingeipa.

Utaratibu wake hauna siri. Mwanafunzi huchukua kikaratasi chenye gundi, huandika swali, hukibandika na kwenda zake. Haandiki jina, na hakuna anayemuuliza. Akirudi baadaye hukuta jibu limebandikwa. Jibu hilo halitoki kwa “uongozi” wala kwa “kitengo husika”. Anayesema ni ukuta wenyewe. Ukuta husema “mimi”, hulalamika kwamba hauna miguu ya kuendea dansi wala tumbo la kulia chakula cha kantini, kisha hujibu. Maswali ni ya kila aina: mapenzi, mtihani wa kesho, mwenzako wa chumba anayekoroma, Mungu, baridi, upweke. Kwa muda mrefu mtu aliyekuwa akiandika majibu hakutajwa jina, na nadhani uamuzi huo ulikuwa wa busara. Ukishajua kwamba ukuta ni bwana fulani wa ghorofa ya pili, mwenye miwani na hasira za Jumatatu, hutauliza tena unampendaje mtu asiyekutazama.

Lakini mzaha ule una kazi. Majibu mengi huishia kwenye kitabu: kinaitwa hivi, kiko rafu namba hii, kakitafute. Aliyeuliza kwa utani kama mapenzi ya mbali hudumu anajikuta ameelekezwa kwenye utafiti wa saikolojia. Aliyeuliza maana ya maisha anatumwa kwa wanafalsafa, na ukuta unamtakia kila la heri kwa sababu wenyewe haujasoma hadi mwisho. Na swali likionyesha kwamba mwandishi wake ameelemewa kweli, kwamba hapo hapatafutwi kicheko, mzaha huwekwa kando. Ukuta huzungumza kwa upole na kumwelekeza kwenye huduma ya ushauri nasaha ya chuo.

Wakutubi hawakubuni jambo hili kutoka hewani. Mwaka 1876 Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester, jimbo hilohilo la Massachusetts, aliwahimiza wenzake kwamba kazi yao haiishii kulinda vitabu. Mkutubi, alisema, achangamane na wasomaji, awapokee kwa uchangamfu, awasaidie kupata wanachokitafuta hata kama hawajui kukisema vizuri. Dawati la marejeo unalolikuta leo katika maktaba yoyote kubwa lina deni kwa mawazo hayo. Na kuuliza bila jina ni kwa kale zaidi. Mwaka 1691 John Dunton alianzisha London gazeti la Athenian Mercury, ambalo watu waliliandikia maswali ya ndoa, dini na sayansi bila kujitambulisha, nalo likawajibu hadi 1697. Maswali yalipokelewa katika mgahawa wa kahawa.

Waswahili nasi si wageni wa mchezo huu. Anayeona haya kusema hununua khanga inayosema, akapita nayo mlangoni kwa anayehusika. Katika Taifa Leo la Kenya kuna Shangazi, ambaye huandikiwa na watu waliojificha nyuma ya “mimi ni binti wa miaka 23”, naye huwajibu kwa kejeli ambayo shangazi halisi angeitoa huku anachambua mchele. Msomaji hucheka, kisha hugundua kwamba ushauri ulikuwa wa maana.

Ila tunayo historia nyingine, na anayetaka kuuleta Ukuta wa Majibu katika chuo cha Kitanzania hana budi kuikabili. Waliosoma Mlimani zamani wanamkumbuka Mzee Punch. Kwa miaka mingi, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kundi la wanafunzi wasiojulikana lilibandika ukutani, usiku, maandishi na michoro ya kuwakejeli watu. Asubuhi watu walikusanyika kusoma. Wapo wanaomtetea kwamba aliwasema wakubwa na kuwanyoosha wenye majivuno. Huenda. Lakini walioumia zaidi walikuwa wanafunzi wa kike, hasa waliothubutu kuwakataa wanaume. Msichana aliyechorwa na Punch hakuwa na pa kujitetea, kwa kuwa hakumjua mshitaki wake, na wenzake waliogopa kuonekana naye. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijitoa uhai baada ya kunyanyaswa. Wanawake wa vyama na vyombo vya habari, wakiwamo wa chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, walipaza sauti, na Mzee Punch akapigwa marufuku.

Kuta zote mbili zilikuwa za chuo, zote zilitumia karatasi, zote zilichekesha, na katika zote mwandishi hakutaja jina. Tofauti ni nani aliyefichwa. Mzee Punch alimficha msemaji akamwanika anayesemwa. Ukuta wa Boston humficha mnyonge, yule mwenye swali, na anayejibu ni taasisi yenye anwani. Jibu likiwa baya, upo mlango wa kugonga. Hapo ndipo jina linapotakiwa liwepo, kwa mjibuji, hata kama amevaa joho la ukuta. Chuo kitakachoweka ubao na kuwaachia wanafunzi wajibizane wenyewe kwa wenyewe bila majina kitakuwa kimemfufua Mzee Punch na kumpa ofisi.

Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wangindo wanaelewa jambo hili bila kufundishwa na Wamarekani, kwa sababu wanao watani. Mtani huja msibani akamsema marehemu, akadai alikufa na deni lake, akawachekesha wafiwa wasiopenda kucheka. Hakuna anayemkasirikia. Ruhusa hiyo hakupewa bure: mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburi linapochimbwa na kubeba jeneza linapotoka. Utani wake umelipiwa na kazi. Ukuta wa maktaba unaotania bila kumtafutia mwanafunzi kitabu wala mshauri ni mtani aliyekuja kula tu.

Nayataja haya kwa kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi, kwa ajili ya masomo ya kilimo, kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kampasi itakuwa na maktaba. Mwanafunzi ataingia humo akiwa na maswali mawili: lile la kazi aliyopewa na mhadhiri, ambalo atalitafutia madesa, na lile halisi, ambalo hatalipeleka dawatini hata kwa kulipwa. Bumu la mkopo likichelewa nifanyeje? Nikipata sapu mbili, mitihani ya kurudia, nimwambie mama? Kwa nini ufuta wa baba unaliwa na wadudu kila mwaka na wa jirani hauguswi?

Swali la ufuta, mbele ya mkutubi anayejua kazi yake, ni dhahabu. Lakini tuchukue lingine ambalo lazima liulizwe Lindi, kwani huulizwa hata vijiweni: mjusi wetu, yule dinosaria aliyepelekwa Ujerumani, anarudi lini? Ukuta wa Lindi ungeweza kujibu hivi: “Mimi ni ukuta, sisafiri, na mjusi naye hasafiri ovyo, akisimama ana mita 13 na hakuna basi la kusini litakalompakia. Kabla hujadai arudi, kajue alivyoondoka. Nenda rafu ya historia, utafute jina la Boheti bin Amrani.”

Mwanafunzi akienda, atakuta kwamba kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimbua mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, na kwamba kazi ya jembe ilifanywa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani. Atakuta kwamba zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha nchi hiyohiyo na njaa. Atakuta kwamba mjusi mkubwa alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na yupo huko mpaka leo. Aliingia na swali la kijiweni. Atatoka akiwa na hoja anayoweza kuisimamia mbele ya balozi.

Gharama ya haya yote ni ndogo kiasi cha kutia aibu: ubao, kalamu, vikaratasi. Kilicho ghali ni mtu. Anahitajika mkutubi aliyesoma sana, mwenye ulimi wa utani na moyo wa subira, anayepewa saa za kazi hii badala ya kuambiwa aifanye akimaliza kugonga mihuri. Anahitaji pia ruhusa ya maandishi ya kuchekesha, maana ofisi zetu huogopa kicheko kuliko moto, na jibu lililopitia mikono ya wakubwa watano haliwi tena na ladha. Anahitaji namba ya mshauri wa wanafunzi mfukoni. Na anahitaji mamlaka ya kubandua, siku hiyohiyo, karatasi yoyote inayomtaja mtu.

Wanaopanga maktaba ya Lindi wasisubiri viti na kompyuta viwasili ndipo wamkumbuke mkutubi huyo. Wamtafute sasa, na akipatikana wamwachie ukuta.